Sauti Iliyogoma

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Kile kikohozi cha mdogo wao kimepona? Huku tunaamka na kulala salama. Mama nyonga inamsumbua asubuhi, ikishapata moto anatembea na mkongojo wake mpaka uani na kurudi. Anakusalimu. Hali yangu mimi nitakueleza taratibu, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kwenye simu wewe humwachi mtu amalize sentensi, Kaka, na haya nataka kuyamaliza.

Ulisikia kwamba nilipoteza sauti. Jibu lako lilikuwa ninywe tangawizi. Nimeinywa mpaka jasho langu linanukia tangawizi. Sasa nikusimulie ilivyokuwa.

Unajua kazi yangu ni kupokea simu za malalamiko katika ofisi ya maji. Anayepiga pale hapigi kutusalimu. Bomba limepasuka mlangoni kwake, au yanatoka matope, au hayatoki kabisa, na mwenye makosa ni mimi niliyepokea. Tulikuwa wanne chumbani. Wawili waliondoka, na Mkuu wa zamu akasema nafasi zao zitajazwa hivi karibuni. Hiyo hivi karibuni haijafika mpaka leo. Nimebaki na mwenzangu tunayemwita Kipaza, kwa sababu akimwambia mteja asubiri kidogo, hata wapita njia nje wanasimama. Tena tumewekewa kioo mezani, kila mtu chake, tujitazame kama tunatabasamu wakati tunatukanwa. Wanasema tabasamu husikika.

Katikati ya hayo simu yangu mwenyewe inatetemeka mfukoni. Mama anauliza chumvi iko wapi. Anauliza kama nilifunga dirisha. Anauliza nitarudi saa ngapi, na nimetoka sasa hivi. Kisha wewe: nimpeleke Mama kliniki, nisimpe dawa kabla hajala, nimtafutie godoro gumu. Yote mema. Lakini tangu aanguke bafuni na kuvunjika nyonga, wewe umekuwa mkurugenzi na mimi ndiye idara zote. Nikikuambia nimechoka, unasema nijikaze. Nimejikaza mpaka taya zikawa zinauma nikiamka. Kuna asubuhi nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, sikumbuki nilikuwa nataka kufanya nini.

Siku yenyewe haikuwa na jambo kubwa. Mzee mmoja alipiga kuuliza fundi atafika lini. Alikuwa mpole. Nikafungua kinywa kumjibu, kisitoke kitu. Haikuwa sauti ya kukwaruza, ilikuwa hewa tupu. Akasema halo, halo, halafu akaniuliza kama mimi niko salama. Hilo swali sikuwa nimeulizwa na mtu muda mrefu. Nikalia pale mezani bila mlio.

Mkuu wa zamu akadhani nimegoma. Akaniambia kama nina madai niyaseme. Kipaza akamjibu kwa niaba yangu kwamba, bosi, hapo hapo ndipo penye tatizo.

Hospitali daktari alinipitishia kamrija kenye taa puani mpaka kooni, akasema koo ni zima. Akaniambia nikohoe. Nikakohoa, na kikohozi kikatoka na sauti yake kamili. “Umesikia?” akasema. “Sauti ipo. Mwili umechoka, umekataa kuitumia.” Kaka, nilikasirika. Nilitaka aone uvimbe, kidonda, kitu cha kumwonyesha mtu. Nitamwambia nani kwamba naumwa kuchoka, anielewe? Wewe ungenielewa?

Akanipa mapumziko na kunipeleka kwa mtaalamu wa sauti, binti mdogo kuliko mimi. Aliniuliza nyumbani nasaidiwa na nani. Nikajinyooshea kidole. Na ofisini? Nikajinyooshea tena. Akasema atanisaidia sauti irudi, lakini mambo yakibaki vile vile itaondoka tena, na safari hiyo huenda isiondoke peke yake. Zoezi lenyewe lilikuwa kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku ninaguna. Nilijiona mjinga kabisa.

Siku za mwanzo nyumbani nilichemka tu. Mama ananiita, siwezi kuitika, inabidi ainuke anifuate. Akaanza kujichemshia chai mwenyewe. Chumvi akaiona bila kuuliza. Nikawa namtazama: kumbe anaweza, na mimi nimekuwa nikikimbia miaka yote hii kama mbwa anayefukuza mkia?

Alasiri moja akanikalisha. Akasema chumvi alijua iko wapi siku zote. Nyumba ikinyamaza, anaiona ile sakafu ya bafuni aliyolalia mpaka nikarudi kutoka kazini. Akisikia sauti yangu anajua akianguka kuna mtu atakayejua. Nikamshika mkono. Akavuta glasi yake, akachukua mrija, akapuliza na yeye. Maji yakamrukia usoni. Akacheka, nami nikacheka, na kicheko changu kikasikika.

Sasa Mama anashinda kwa jirani yetu fundi cherehani, anamkatia nyuzi na kuusengenya naye mtaa mzima. Kazini nimerudi. Mkuu wa zamu alinitaka nifanye zamu mbili kama zamani, nikamwambia siwezi. Sauti ilitetemeka, lakini nilisema, na amenuna mpaka leo. Chakula cha mchana ninakula nje, simu nimeizima. Usidhani nimepona kabisa. Taya bado zinauma siku nyingine, na wafanyakazi wapya bado hawajaja.

Umeona nimesema nimerudi kazini. Ndiyo, Kaka. Sauti yangu ilirudi zamani. Kila ulipopiga na Mama akakuambia bado siwezi kusema, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya maagizo mengine. Ulikuwa uongo, nao umenikaa vibaya. Lakini ulipokosa mtu wa kumwagiza, ulianza kumuuliza Mama mwenyewe anaumwa wapi. Siku ya pili mliongea mpaka akasahau chai jikoni. Akiweka simu chini anakuwa mtu mwingine.

Kwa hiyo tumekubaliana, yeye na mimi. Watoto wakifunga shule namleta kwako, akae nusu ya mwaka, kisha tutabadilishana. Anataka mwenyewe. Anasema amechoka kuwa mama wa mtoto mmoja wakati alizaa wawili. Nilijaribu kumkatalia, Kaka, naapa. Nilikuwa nimezoea kuumia hata nikaona kupumzika ni kumtupa.

Wifi nitazungumza naye mimi, asije akaletewa mgeni kwa amri. Wasalimie watoto, waambie bibi yao anakuja na hadithi zake zote. Bafuni uweke vyuma vya kushika na mkeka usioteleza kabla hatujafika. Ukiwa na neno, piga simu. Nitapokea mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia ziwa.