Mbunge Aliyekuwa Kuruta Wangu

Mamboya,
10 Oktoba 1965

Dada Bibiana,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo bado. Tumesikia tembo wamewaingilia tena mashambani huko Mikumi; poleni sana.

Matokeo umeyasikia redioni. Alama yangu ya kura ilikuwa nyumba, ya Melkizedek jembe, na amenishinda vibaya. Kule vitani Burma mimi nilikuwa sajenti, yeye kuruta niliyemfundisha kushika bunduki. Lakini akihutubia yeye, watu wanacheka mpaka machozi. Nikihutubia mimi, wanapiga miayo.

Hilo ningelimeza. Linaloniuma ni mke wangu. Nilimuuliza, "Ida, uliipigia nyumba au jembe?"

Akaendelea kuchambua mchele. "Kura ni siri, baba Selestina. Si wewe uliyetuambia mkutanoni?"

Tangu hapo chakula hakipiti.

Juzi Melkizedek alikuja kwangu na umati na ngoma. Niliomba aje na maringo, nipate la kumchukia. Alipofika uani akanyamazisha ngoma, akasimama wima, akanipigia saluti.

"Shikamoo, Sajenti. Naenda bungeni na sijui kitu. Nifundishe tena."

Watu wakapiga makofi. Ida akajifuta machozi kwa kanga, na sikujua anamlilia nani kati yetu. Niliitikia marahaba, nikampa kiti changu.

Roho bado inanichoma, dada, na Melkizedek sijamwona na kosa hata moja.

Nisalimie shemeji.

Mdogo wako,
Damiano