Marehemu Anakunywa Chai Dukani Kwangu

Nachingwea mjini,
Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo, na uipokee kabla hujaanza kuuliza kumetokea nini mpaka Rajabu akashika kalamu. Goti lako limepoa? Yale mafuta ya karafuu niliyokutumia usiyanywe, ni ya kuchua. Na shemeji, bado anabishana na redio? Mimi mwili wangu mzima, tumbo limezidi, wenyeji wanasema ni dalili ya hela nami sijawasahihisha. Ningekupigia simu, lakini leo duka langu limejaa watu wenye masikio marefu, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema kwa sauti.

Kwanza mazuri. Mdogo wako ni mtu mkubwa huku. Steshenari yangu inatazamana na ghala la korosho, ina kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, na mimi. Yule yule niliyeishia kidato cha pili, niliyeuza mitumba Beira na kulala juu ya lori Lubumbashi, leo hakuna mtoto wa kuanzia Nambambo mpaka Likunja anayekwenda chuo kikuu bila kupita kwenye vidole vyangu. Nawaombea vyuo, nawaombea mikopo, nawachagulia na cha kusomea. Mzee mmoja alitaka mwanawe asomee udaktari na uhasibu kwa pamoja, awe anatibu huku anahesabu. Nikamwambia mtu wa hivyo tayari yupo, anaitwa Rajabu.

Na kodi pia naijua. Jirani yangu Mama Tatu anauza chai na chapati chini ya bati moja. Mpwa wake alipomsajili kwa watu wa kodi akaandika hoteli, basi mama wa watu akakadiriwa kama mwenye vyumba na bwawa la kuogelea. Nilimchukua yeye na sufuria yake mpaka ofisini, nikaiweka juu ya meza ya mkubwa, nikasema, "Hoteli yenyewe ndiyo hii." Wakacheka, wakarekebisha. Tangu hapo chai nakunywa bure, na Mama Tatu ananitangaza kuliko redio ya shemeji.

Sasa nikueleze kilichonikalisha hapa.

Wanaotoa mikopo ya wanafunzi huwasogeza yatima mbele kwenye foleni. Kwa hiyo msimu wa maombi ukifika, dada, akina baba wanakufa sana. Wengine wanakufa asubuhi na jioni unawaona wanacheza bao. Hao nawarudisha nyumbani wakafufuke, maana mimi sijazi neno marehemu mpaka nione cheti cha kifo chenye mhuri.

Mwezi uliopita akaja mtu kutoka Chunyu, kule wilaya ya Ruangwa, anaitwa Hashimu. Kanzu safi, sauti ndogo, mpole kama mgonjwa. Alikuwa na mpwa wake, Somoe, binti aliyefaulu kidato cha sita kwa alama za kutisha. Huku kwa wenyeji mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume akioa anahamia kwa wakwe, analima ardhi ya wakwe, na mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba. Kwa hiyo sikushangaa kuona mjomba ndiye anayehangaika.

"Baba yake alikwenda machimboni Msumbiji, shimo likamfunika," akaniambia. "Tumesoma hitma, tumechinja, dada yangu yuko edani."

Cheti alikuwa nacho, halisi, na mhuri wake. Kijiji kizima kilikula wali wa msiba, ofisi ya kijiji ikaandika barua, na barua ikazaa cheti. Mtu akishasomewa hitma na watu wakanawa mikono, nani atauliza kaburi liko wapi?

Nilipofika kwenye fomu pale pa habari za baba, Somoe akasogea. Akainama akatazama kioo.

"Kaka, hapo hakuna neno lingine?"

"Neno ndilo hilo, mama."

"Mwache mwalimu afanye kazi yake," mjomba akasema. Ananiita mwalimu, nami namwachia.

Nikamuuliza kwa nini amekuja mpaka huku, na Ruangwa mjini steshenari zimejaa, tena ni karibu na kwao. Akatabasamu. "Sifa zako, mwalimu." Dada, nilivimba. Wiki nzima kila aliyekuja kutoa kopi nilimhadithia kwamba Ruangwa nzima imenihamia.

Leo asubuhi ameshuka mtu kwenye basi la Masasi. Mrefu, mkavu, begi moja, kucha zina udongo mwekundu usiotoka kwa sabuni. Akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye unayeombea watoto vyuo?"

"Ukisikia mwingine anajiita hivyo ni mwanafunzi wangu. Karibu."

"Mwanangu amefaulu. Nangoja gari la Ruangwa, nikasema nipite niulize. Baba anatakiwa afanye nini?"

Nikamwuliza jina la mtoto ili nianze kujigamba. Akasema Somoe Bakari, wa Chunyu. Bakari ni yeye.

Nikafungua kompyuta, nikaangalia, nikaifunga. Nikafungua tena. Nikamwambia, "Mzee, kaa kwanza. Hapa wewe ni marehemu."

Akacheka. Alidhani ni utani wangu, hata yeye keshajua kwa dakika hizo chache kwamba mimi ni mtu wa utani. Nilipomgeuzia kioo akasoma taratibu, mdomo unatembea. Kisha akaniuliza, "Na mke wangu anajua?" Nikamwambia mkeo amekaa eda yako. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Mama Tatu, nikasema mpe chai ya moto, mtu huyu ametoka mbali kuliko Msumbiji.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Mimi nilijua kabisa kwamba mjomba amedanganywa na habari za njiani, kwa hiyo nikampigia nimpe furaha.

"Mjomba Hashimu, kaa chini. Marehemu wako yuko hapa anakunywa chai."

Nikangoja kilio, au alhamdulillahi. Nikasikia kuku kwa nyuma. Kisha ile sauti ndogo.

"Nani mwingine amemwona?"

"Mimi na sufuria ya Mama Tatu," nikasema, bado nacheka.

"Asipande gari. Mweke chumba cha nyuma, usimtaje kwa mtu. Nakuja kumchukua mwenyewe. Na wewe, mwalimu, fikiria mtoto. Kusoma kwake kuko mkononi mwako."

Simu ikakatika. Dada, mimi Beira nimewahi kuwekewa kisu shingoni kwa ajili ya viatu, na nikamtania mwenye kisu. Lakini lile swali limenishuka mgongoni mpaka sasa. Mtu anaambiwa shemeji yake yu hai, haulizi mzima au mgonjwa. Anauliza nani mwingine amemwona.

Nikarudi kwa Bakari. "Shemeji yako alikuwa hajui uko wapi?"

"Anajua. Matokeo yalipotoka ni yeye aliyenipigia simu kunipa habari. Nikamwambia narudi, akaniambia nisirudi kwanza, mambo si mazuri."

Nikakumbuka tarehe ya kile cheti: hitma ilisomwa baada ya simu hiyo. Ndiyo maana aliziruka steshenari za Ruangwa, kule wanamjua.

"Na mikorosho yako nani anaiangalia?"

"Yeye. Niliipanda kwa mikono yangu, ndiyo kwanza imeanza kuzaa vizuri." Akaweka kikombe chini. Nadhani ndipo na yeye alipoelewa kwa nini ameambiwa asirudi.

Basi nikafanya kazi ninayoijua kuliko kompyuta. Nilipiga kelele. Nilimwambia Mama Tatu, na ukimwambia Mama Tatu umemaliza upande mmoja wa mji. Upande wa pili nikaumaliza mwenyewe. Nilimpitisha Bakari kwa kinyozi, kwa vijana wa bodaboda, kwa wabeba magunia wa ghalani. Kila mahali nasema, "Huyu ni Bakari wa Chunyu, baba yake Somoe. Wamemwandika amekufa. Mpeni mkono muone kama ni wa baridi." Watu wanacheka, wanampa mkono. Sikujali wanacheka nini, nilikuwa nataka ile mikono. Msikitini imamu akamsimamisha mbele ya wote, akatoa salamu kwa jina lake kamili.

Tulipotoka msikitini simu yangu ikaita, namba siijui. Sauti ya chini chini. "Kaka, ni Somoe. Mjomba ameondoka na watu wawili nisiowajua. Nimemsikia akisema baba yuko dukani kwako. Ni kweli?"

Nikampa baba yake. Bakari akasema, "Bado unaogopa jogoo?" Nikasikia mtoto analia mpaka nikageukia ukutani. Nilipoichukua simu akaniambia, "Futa lile neno."

"Nikilifuta unatoka kwenye mstari wa yatima. Mkopo unaweza kuukosa, na wataulizia cheti kilipotoka."

"Lifute, kaka."

Nimelifuta, nimewaandikia wenye mikopo kwamba baba yupo. Na nimemwahidi, mbele ya Mama Tatu ili nisije nikakataa, kwamba wakimnyima nitauza kompyuta moja aanzie mwaka wa kwanza. Kwa hiyo lile bati la jiko lako nililokuahidi, dada, lisubiri. Nitukane ukimaliza kusoma.

Ninapoandika hapa pikipiki mbili zimesimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ghala. Hashimu ana kanzu yake safi. Yeye na wenzake wawili hawakuwa msikitini, hawajui ni watu wangapi wamempa Bakari mkono. Hawaingii, hawaagizi kitu, wanatazama. Bakari yuko kwenye benchi la Mama Tatu, na nimewaambia bodaboda kila mtu chai ni juu yangu, wasiondoke pale. Nikifunga barua hii naipeleka kwa dereva wa basi la Dar, kisha tunakwenda wote, kundi zima, mpaka polisi. Kesho tunakwenda Chunyu kumtoa mama wa watu edani.

Iweke barua hii kwenye sanduku lako la kanga. Ukisikia kwamba Bakari amerudi Msumbiji bila kuaga, usiamini. Ukisikia na mimi nimehama ghafla, mimi sijahama, kodi ya pango nimelipa mpaka mwisho wa mwaka.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako anayesema sitafika popote, na mwanao fundi cherehani, mwambie mjomba wake anamkumbuka, tena kwa wema. Bibi mzaa mama mwombe aniombee dua, asiulize sababu.

Mdogo wako anayekupenda,
Rajabu

Pikipiki moja imewashwa sasa hivi. Ya pili bado.