Bango la Sendofu ya Hyasinta

Selestina!! Umekosa sendofu ya Hyasinta, tulivyomuaga aende kuolewa. Bado nacheka!

Mlangoni wameweka bango lenye picha yake. Shosti, mweupe kama unga wa sembe! Na meno yamesafishwa, ile kahawia yetu haipo kabisa!

Mama yake akauliza, "Kwani hii ni sendofu ya nani?"

Lazaro mpiga picha akajibu, "Mama, nimempendezesha."

NIMEMPENDEZESHA!!

Hyasinta akalishusha bango mwenyewe, na gauni lake la sherehe hilo hilo, akashika maiki: "Meno yangu yametiwa rangi na maji ya Karatu. Aliyekulia hapa akabaki na meupe, asimame!"

Hakusimama mtu. Ukumbi mzima kicheko.

Lazaro naye akacheka, akasahau kuziba mdomo. Meno yake ni ya kahawia kuliko yetu sote!

Hyasinta akamwambia, "Haya, nipige nyingine. Nacheka hivi hivi."