Pesa Taslimu Tu

Shangazi Beata,

Shikamoo. Huku Lipingo usipa wa ziwani umejaa hata paka wameukinai. Kahawa ya Mkumbi imechanua?

Duka langu la dawa linaenda. Makato ya lipa namba, wateja wakilipa kwa simu, yalikuwa yananiuma, nikabandika tangazo mlangoni: "Pesa taslimu tu." Makato yakaisha kweli.

Juzi jirani yangu Joakim alileta mwanawe anachemka homa, hela yote iko kwenye simu. Nikamwambia akatoe kwa wakala. Wakala wetu alikuwa amefunga, akatembea hadi kijiji cha pili na kurudi, mtoto mgongoni, mvua ikinyesha. Dawa nilikuwa nimeishika mkononi, Shangazi.

Mtoto amepona. Tangazo nimelibandua. Lakini Joakim akija sasa, anaweka noti mezani kwanza, ndipo anasalimia.

Mwanao,
Flavia