Binti Bingwa Ananitoa Chumbani Siku ya Mbio

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana naambiwa nitoke chumbani katika nyumba yangu mwenyewe, na anayenitoa ni binti niliyemzaa, tena si binti wa hivihivi, nisikufiche, ni bingwa wa mbio za magari za kwenye kompyuta, usukani kaufunga mezani, pedali chini, na watu wa nchi ninazozisikia redioni tu wanamwita Mguu Mwepesi.

Mguu huo kaurithi. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori, wenzake wakimwita Polepole, na Polepole huyo alifika wa kwanza matairi yake yangali na meno wakati ya wenzake ni vipara vitupu. Tulipooana nilisafiri naye sana, viatu nimevua, akinifundisha kusikiliza injini. "Sikia, mke wangu, hapo inalalamika. Kona haichapwi, inaombwa." Kwenye mteremko aliinua mguu, lori likashuka lenyewe kama mtu anayerudi kwao. Na kituo cha mafuta hatukipiti, hata tangi liwe nusu, atasema gari lina kiu, tunakunywa chai ndipo tunaondoka. Jamani, siku zile!

Sasa katika mbio za binti, mshauri, matairi yanachakaa vilevile na mafuta yanaisha vilevile, anayekanyaga ovyo anaingia pembeni kujaza na kubadilisha mara nyingi kuliko mwenzake, kwa hiyo mimi huvuta stuli nyuma yake nikamkumbusha ya baba yake, na akishinda nampigia simu fundi cherehani jirani yangu hata kabla matokeo hayajatangazwa.

Tatizo ni mbio zilizopita. Binti na wenzake wawili wa timu walikuwa wanaongoza, wenzake wakamwambia aingie kujaza, mimi nikasikiliza injini nikaona inaimba vizuri, nikasema, "Usiingie, mama! Baba yako angefika!" Akanitii. Gari likazima mstari wa mwisho ukionekana kabisa. Basi lawama zote kwangu, ingawa ni injini ya kompyuta iliyonidanganya, na mmoja wao nikamsikia kwenye spika, "Kwani timu yetu ina madereva watatu au wanne?" Sasa zinakuja mbio ndefu za kupokezana usukani, wakishindwa timu inavunjwa, na binti kaniambia kwa upole, "Mama, siku hiyo kaa jikoni." Nitakaaje jikoni, mshauri, wakati mlio wa gari lile ndipo mahali pekee ninapokaa bado na mume wangu? Nigome au nikubali?

Mama Mguu Mwepesi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mguu Mwepesi, pole, na hongera kwa mume na kwa binti. Lakini wewe! Injini haikukudanganya. Binti alikuwa na geji ya mafuta mbele ya macho yake, akaiacha akakusikiliza wewe, kwa kuwa anakupenda. Ukikaa tena nyuma yake atakutii tena. Hilo ndilo analoliogopa, si kelele zako.

Tena mumeo umemkumbuka nusu. Umeandika mwenyewe kwamba alisimama kila kituo hata tangi likiwa nusu. Dada yangu, dereva aliyebana mafuta mpaka kwenye mteremko asimame na tangi nusu kutafuta nini? Lori halikuwa na kiu. Alitaka kunywa chai na mkewe. Huyo unayesema "angefika" hakuwahi kupita kituo bila kusimama, na wewe ndiye uliyekuwa sababu.

Basi jikoni utakaa, na usinune. Stuli itoe leo, asikuombe mara ya pili. Hadithi za barabarani mpe siku isiyo na mbio, zote, hata zile unazodhani umezisahau, maana wewe ukinyamaza hakuna mwingine wa kumsimulia. Siku yenyewe injika chai, acha mlango wazi kidogo, mlio utaupata. Binti akiingia pembeni kujaza na kumpisha mwenzake usukani, atatoka chumbani na kiu. Hapo ndipo zamu yako. Mmiminie kikombe, nawe jimiminie chako, mkae. Na habari ya matairi usimuulize.