Doa Likimfuata ni Lake

Mzee Nasoro,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana wewe umelala kaburini Kigombe, na mimi nimekaa kwenye kiti chako hapa chumba cha eksirei, nimekasirika. Ningeanza na dua, lakini unanijua, mimi Msambaa wa Kilutheri dua zako sikuzishika vizuri, na hasira ninayo tayari.

Mzee, nina doa kwenye pafu. Au bamba la mashine lina doa, mimi sina kitu. Hilo ndilo ninalokuandikia.

Nilikuwa nakohoa. Rukia, yule binti uliyemfundisha baada yangu, akachoka kunisikia, akanisimamisha mbele ya bamba, akanipiga picha ya kifua. Upande wa kulia, juu kidogo, kukatokea kitu cheupe, ukubwa wa punje ya mtama. Rukia akanitazama. Nikamwambia, "La mashine hilo." Maneno yako, Mzee, tena kwa sauti yako kabisa.

Bamba ni lile lile. Jipya hatujapewa. Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaeleza wanafunzi: ndani mna ngozi nyembamba inayotoa mwanga mionzi ikiigusa, na chini ya ngozi mna vijicho vingi mno vinavyousoma ule mwanga. Mionzi hiyo hiyo inayotupa picha ndiyo inayovichosha, miaka nenda miaka rudi. Kimoja hufa, kingine huanza kuona visivyokuwapo, hasa joto likizidi. Na kiyoyozi usiniulize, kimekufa tena. Nimeomba fundi mpaka nimeichoka sauti yangu. Alikuja mmoja, akabonyezabonyeza kompyuta, akasema amemaliza. Kumbe ameiambia mashine kwamba ikikuta kijicho kibovu iwatazame majirani zake, ikisie, ipake rangi pale. Picha zikawa safi, wakubwa wakafurahi. Mimi sijui tena kipi kimeonekana na kipi kimepakwa. Na vibovu vipya vinazidi kuzuka, ambavyo hata kompyuta haijavijua.

Kwa hiyo nimeshika ulichotufundisha. "Msogeze mgonjwa vidole vinne, piga tena. Doa likimfuata ni lake. Likibaki pale pale, au likipotea, ni la mashine." Kila mwenye doa namsogeza. Mkuu wa kitengo ananigombeza kwamba nawapiga watu mionzi mara mbili, na si kwamba anakosea, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Juzi bibi mmoja wa Mwera aliniuliza, "Mwanangu, mbona wanisukumasukuma kama gunia la nazi?" Nikacheka, nikamsogeza. Doa likabaki pale pale, akaenda zake kwao. Nimewasogeza wengi, Mzee. Mwenyewe sijasogea.

Lakini na wewe. Wewe uliyekuwa ukinifokea nikisahau. Picha yako ilipotoka na doa nyuma ya mfupa wa bega, nilikwambia, "Mzee, sogea kidogo." Ukavaa shati. Ukasema, "La mashine hilo, Elia. Mimi na yeye tunajuana." Ukaenda kunywa kahawa. Nikakuamini, kwa sababu hakuna aliyeijua mashine ile kuliko wewe. Walipokuja kukupima Dar, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Msibani watu walisema mganga hajigangi. Nilitamani kuwatimua. Nilidhani kilikuwa kiburi, kwamba ulijiona hodari mno hata usogezwe na mwanafunzi wako. Bi Mwanaidi wako ameshanikamata njiani zaidi ya mara moja. "Elia, mume wangu alikuwa anajua?" Kila mara namwambia nina haraka.

Sasa jibu ninalo, na silipendi. Rukia aliposema, "Kaka Elia, sogea," nilivaa shati. Sikufikiri hata kidogo, mikono ilitafuta vifungo yenyewe. Si kiburi, Mzee. Ukishasogea, huna tena mashine ya kusingizia. Wewe ulijua, au ulijua kiasi cha kuogopa, ukaona heri usijue zaidi. Na heri hiyo ndiyo iliyotunyang'anya wewe. Bado sijakusamehe, nakwambia kweli. Ungesema unaogopa. Ningekushika bega nikakusogeza mimi, na wala nisingemwambia mtu.

Tangu picha ile nimekuwa nikila chakula cha Mama Neema huku natabasamu kama mjinga. Akiniuliza kikohozi, namwambia vumbi la mkonge. Vumbi gani, na mimi kutwa nimejifungia ndani? Mke wangu si mtoto.

Asubuhi hii nimemwambia. Nilimweleza bamba, doa na vidole vinne, nikajikanganya katikati. Akaacha kukanda unga, akanawa mikono, akasema, "Twende." Sasa yuko nje kwenye benchi la wagonjwa, amekataa chai, amekataa hata kuegemea ukuta.

Nakuahidi mawili. Picha ikitoka, Mama Neema ataingia humu tuitazame pamoja, iwe nyeusi iwe nyeupe. Halafu nitakuja Kigombe, nitakaa na Bi Mwanaidi, nimwambie ninavyoamini: kwamba uliogopa. Atalia, najua, na huenda akakukasirikia kama mimi. Afadhali tukukasirikie wawili.

Kwaheri, Mzee wangu, Mungu akulaze pema. Rukia anasema bamba limepoa, nije nisogee kabla umeme haujakatika.

Mwanafunzi wako,
Elia