Mbuzi wa Kina Akiru

Lodwar, Alhamisi jioni

Bado namfikiria Akiru wa gredi ya nne. Wiki jana nilijaribu zoezi langu la mtandaoni darasani kwao: gusa mbuzi kwenye skrini, hesabu, kisha andika wa kwenu ni wangapi. Yeye peke yake alikataa.

"Mwalimu, mbuzi ya nyumbani haihesabiwi. Ni kuita wezi."

Kwao ni Lokiriama, mpakani. Hapa alikuwa akikaa bweni. Nilimwambia kompyuta haina masikio. Akaandika arobaini na moja, bila kuniangalia.

Jumatatu mjomba wake alikuja kumchukua. Hakueleza sababu, nami sikuthubutu kuuliza.

Leo nimefungua majibu. Akiru ameingia tena, sijui kwa simu ya nani, akabadilisha jibu lake kuwa sifuri.

Na zoezi, nilivyolipanga mwenyewe lipongeze kila jibu, limemwandikia: Hongera, Akiru.